Biashara ya ulinzi migodini: nani anauza, nani ananunua na nani anawajibika

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MSAFIRI anayetoka mjini Shinyanga kuelekea Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu ambao maisha yake yamefungamana na almasi ya Mwadui tangu Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alipoanzisha mgodi huo mwaka 1940. Maganzo kuna maduka, madalali na vijana wanaosubiri bahati. Nje ya mji kuna mgodi. Kati ya pande hizo mbili kuna bidhaa isiyochimbwa ardhini, ambayo hata hivyo hulipiwa kila mwezi: ulinzi.

Ulinzi wa migodi ni biashara ya kimataifa. Kampuni yenye makao yake makuu Montreal au London huuza katika ukanda huu kamera, mitambo ya kutambua alama za vidole, mafunzo, wasimamizi na, pengine zaidi ya vyote, jina lake. Makala haya yanaeleza jinsi biashara hiyo inavyoendeshwa Shinyanga na Geita, sheria zinazoigusa, na swali ambalo kwa miaka mingi halikuwa na jibu la wazi: mlinzi akimjeruhi mtu, nani anawajibika?

Soko lenyewe lilizaliwa na Sheria ya Madini ya mwaka 1998, iliyofungua milango kwa wawekezaji wakubwa. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, wakati Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza (ilifanywa mkoa mwaka 2012). Bulyanhulu, wilayani Kahama, ulifuata mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009. Kila mgodi ulikuja na uzio wake, geti lake na zabuni yake ya ulinzi.

Ni vema ikakumbukwa, hata hivyo, kwamba ukanda huu haukuwa mgeni katika masuala ya ulinzi. Sungusungu, jeshi la jadi la wanavijiji wenye pinde, mishale na filimbi, lilianzia Kahama na maeneo ya jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale wizi wa ng'ombe ulipozidi na bunduki zilipokuwa zimezagaa baada ya vita vya Kagera. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kulitambua rasmi. Utaratibu huo ulienea mikoa mingine, hata ukavuka mpaka na kuigwa na Wakurya wa Kenya. Kwa lugha ya wafanyabiashara, Shinyanga ilisafirisha huduma ya ulinzi nje ya nchi kabla ya kuanza kuiagiza. Nalo Sungusungu lilituhumiwa mara nyingi kupiga na hata kuua watuhumiwa kabla hawajafikishwa mahakamani, kwa hiyo swali la uwajibikaji lilikuwapo kabla ya wageni.

Mgodi wa kisasa hununua kitu tofauti. Kwanza hununua vifaa. Dhahabu iliyokwisha kuyeyushwa haichukui nafasi: mkuo mmoja unaweza kubebwa na mtu mmoja, na thamani yake humtosha mtu huyo kuacha kazi. Kwa sababu hiyo sehemu inayolindwa kuliko zote si shimo bali chumba cha dhahabu, ambako kanuni ya kwanza ni kwamba hakuna anayefungua peke yake. Kamera huangalia kila pembe, kufuli ni zaidi ya moja na funguo zake hazikai kwa mtu mmoja, na mizigo hufungwa kwa lakiri mbele ya maofisa wa Serikali kabla ya kusafirishwa kwa ndege.

Vifaa ndivyo vyenye ugomvi mdogo. Kamera haina rungu. Tatizo lake ni jingine: vumbi, radi za Kanda ya Ziwa na umeme unaokatika huimaliza haraka, na kipuri kikiwa ng'ambo huchukua muda kufika. Kamera iliyokufa bado inaonekana kama kamera, na hilo ndilo jambo ambalo muuzaji asiye na fundi nchini halitaji wakati wa kuandika zabuni.

Pili, mgodi hununua watu, na hapa ndipo biashara hii inapohitaji kutazamwa kwa makini. Walinzi wanaosimama getini karibu wote ni Watanzania, na wengi wametoka vijiji vinavyouzunguka mgodi. Kinachotoka nje ni usimamizi, taratibu za kazi, mafunzo na nembo ya begani. G4S ya Uingereza iliundwa mwaka 2004 kwa kuunganisha Group 4 na Securicor, kisha mwaka 2021 ikanunuliwa na Allied Universal ya Marekani. GardaWorld ya Kanada iliingia Afrika Mashariki kwa kuinunua KK Security, kampuni yenye mizizi Kenya, mwaka 2016. Mlinzi anaweza basi kuingia lindo geti lilelile kwa miaka ishirini na akabadilishiwa mwajiri bila yeye mwenyewe kusogea hata hatua moja.

Kwa muuzaji wa nje, kuingia katika soko hili si suala la kupanga bei tu. Tanzania imeendesha sekta ya kampuni binafsi za ulinzi kwa miaka mingi bila sheria moja mahususi. Usimamizi umekuwa mikononi mwa Jeshi la Polisi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Silaha na risasi zinaongozwa na sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, na haziletwi nchini kama shehena ya kawaida. Mwaka huohuo ilitungwa pia sheria ya ajira za wageni, hivyo mkufunzi au msimamizi kutoka ng'ambo huhitaji kibali cha kazi, na mwajiri hutakiwa kuonyesha namna Mtanzania atakavyorithishwa nafasi hiyo.

Kubwa zaidi ni kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika sekta ya madini. Kanuni hizo zinaitaka kampuni ya kigeni inayotaka kuuzia migodi bidhaa au huduma iunde ubia na kampuni ya kizawa, ambayo hisa zake katika ubia huo hazipungui asilimia 20. Aidha, ada ya huduma inayolipwa kwa kampuni isiyo mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Anayekuja na begi la vipeperushi hutakiwa basi kuja na mbia pia, na mbia ndiye anayejua ofisi za kupita.

Hayo yote ni ya makaratasi. Kilichotikisa biashara hii kilitokea Mwadui.

Mwaka 2009 Petra Diamonds, kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la London, ilichukua asilimia 75 ya hisa za mgodi huo zilizokuwa za De Beers, Serikali ya Tanzania ikibaki na asilimia 25. Eneo la leseni ni pana mno na vijiji vimelizunguka, hivyo kulizungushia ulinzi wa kuaminika ni kazi ngumu. Usiku huingia vijana wanaojulikana kwa jina la wabeshi, wenye majembe na chekecheo, wakitafuta mawe katika kokoto. Kazi ya ulinzi ilikuwa imepewa kampuni ya Kitanzania, Zenith Security, ikisaidiwa na polisi.

Novemba 2020 shirika la haki za binadamu la RAID lenye makao Uingereza lilitoa ripoti iliyodai kuwa wabeshi na wanavijiji walikuwa wakipigwa risasi, kupigwa na kushikiliwa katika mazingira mabaya ndani ya eneo la mgodi. Wakati huo walalamikaji walikuwa wameshafika kwa kampuni ya mawakili ya Leigh Day ya London. Petra iliunda kamati ya wakurugenzi kuchunguza.

Mei 2021 kampuni hiyo ilitangaza kuwa imefikia makubaliano na walalamikaji 71. Gharama ya jumla ilikuwa pauni milioni 4.3 za Uingereza, zikijumuisha malipo kwa walalamikaji, mchango wa gharama za mawakili na fedha za miradi ya jamii. Petra haikukiri kuwajibika kisheria, ila ilikubali kwamba matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na unyanyasaji wa wachimbaji haramu yalikuwa yametokea. Mkataba wa Zenith ulisitishwa, na GardaWorld ikachukua nafasi yake. Ulianzishwa pia utaratibu huru wa kupokea malalamiko, ambao ulipokea maelfu ya maombi, idadi iliyowazidi mno wale 71 waliofika London. Petra yenyewe iliuza hisa zake zilizobaki mwaka 2025 na kuondoka.

Tuyatazame mambo yalivyopangika. Mgodi uko Kishapu. Mkandarasi alikuwa Mtanzania, walinzi ni Watanzania, walioumia ni Watanzania. Shauri likaenda London, kwa kuwa huko ndiko hisa za kampuni mama zilikokuwa zikiuzwa. Mlango huo ulipanuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2019, iliporuhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki huko kampuni ya Vedanta kuhusu uchafuzi wa maji kutoka mgodi wa shaba. Kwa mnunuzi wa ulinzi maana yake ni kwamba kumkabidhi mkandarasi kazi hakumkabidhi lawama zote. Ndiyo maana zabuni zikaanza kuuliza mambo ambayo zamani hayakuulizwa: mlinzi amefundishwa siku ngapi, risasi zinahesabiwa na nani, na mtu aliyepigwa anakwenda kulalamika wapi.

Maswali hayo hayakutungwa Shinyanga. Kanuni za Hiari za Ulinzi na Haki za Binadamu ziliandaliwa mwaka 2000 na Serikali za Marekani na Uingereza pamoja na kampuni za mafuta na madini. Mwaka 2010 kampuni za ulinzi zilitia saini kanuni zao za maadili mjini Geneva, na mwaka 2013 kikaundwa chombo cha kuzisimamia. Neno "hiari" lisipite bila kuonekana.

Kitu cha tatu ambacho mgodi huhitaji hakiuzwi na kampuni yoyote, nacho ni polisi. Walinzi binafsi wakizidiwa, wanaoitwa ni askari wa Serikali. Mfano unaojulikana zaidi uko mkoani Mara, katika mgodi wa North Mara wilayani Tarime, ambako wanaoingia kuokota mawe huitwa maintruda. Huko hati ya maelewano kati ya mgodi na Jeshi la Polisi iliweka utaratibu wa mgodi kuchangia posho na mahitaji ya askari wanaoulinda. Mei 16, 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu watano wakati kundi kubwa lilipovamia mgodi huo. Shauri lililofunguliwa London mwaka 2013 lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Familia nyingine zilipojaribu Kanada mwaka 2022, zikiishtaki Barrick huko Ontario, mahakama ilikataa kulisikiliza shauri hilo Novemba 2024. Mlango uliofunguka London haukufunguka Toronto.

Askari anayelipwa posho na mgodi anamtii nani? Kisheria jibu ni rahisi: anamtii kamanda wake. Mwanakijiji anayemwona akishuka kwenye gari la mgodi huwa na jibu lake.

Geita nako mvutano ni wa namna hiyo, ingawa una jina lake. Kwa miaka mingi wananchi wamedai magwangala, yaani mabaki ya mawe ambayo mgodi hauyahitaji lakini mchimbaji mdogo huyaona kuwa chakula cha watoto. Pale mgodi unapoona taka, na jirani akaona dhahabu, hakuna uzio utakaowafanya wakubaliane. Soko la dhahabu lililofunguliwa Geita Machi 2019 limempa mchimbaji mdogo mahali halali pa kuuza, na pia limezaa wateja wapya wa ulinzi: madalali na wanunuzi wanaohitaji sefu, kamera na mlinzi wa kuwafikisha benki.

Libaki suala la bei. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mlinzi kuwa Sh150,000 kwa mwezi katika kampuni kubwa na za kimataifa, na Sh100,000 katika kampuni ndogo. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 ilipandisha viwango hivyo kuwa Sh222,000 na Sh148,000, na viwango vya sekta binafsi vilipangwa upya kuanzia Januari 2026. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na siku ya kazi isiyozidi saa 12 hata ikijumuisha ziada.

Zabuni nyingi hulinganishwa kwa gharama ya mlinzi mmoja kwa mwezi. Katika hesabu hiyo, kampuni inayoweka siku za mafunzo, bima, usafiri wa kwenda lindo na mtu wa kupokea malalamiko huonekana ghali, na inayoyaacha huonekana nafuu. Kwa hiyo anayeleta huduma hii kutoka nje hushauriwa kudai kabla ya kutia saini kwamba vitu hivyo viandikwe kama gharama zinazojitegemea, na kwamba mkataba utaje bayana nani anaagiza polisi waitwe, nani anahifadhi picha za kamera na kwa muda gani. Mlinzi wa Maganzo anayepewa rungu na redio usiku humjua kwa jina, mara nyingi, mbeshi anayetakiwa kumfukuza. Walisoma darasa moja.