Vyuo Vikuu Vimetuonaje Sisi Vijana, Tangu 1904 Mpaka Leo

Wiki hii tunawaletea historia kidogo. Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, karibuni, maana inawagusa pia.

Huku Uganda karibu kila kijana mkimbizi amewahi kuulizwa maswali. Mtu anakuja na tableti, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anaanza: unalala vizuri? Unaota ndoto mbaya? Umepoteza nani? Unakunywa pombe? Ni mara chache anauliza: unajua kufanya nini? Nani anakusaidia ukikwama? Na wewe unamsaidia nani? Tukajiuliza, hivi maswali haya yanatoka wapi? Kumbe yana historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Tuanze na 1904. Mwaka huo huko Marekani, profesa G. Stanley Hall, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Clark, alitoa kitabu kikubwa cha juzuu mbili juu ya ujana. Alisema umri wa kubalehe ni wakati wa dhoruba: hasira, huzuni, ugomvi na wazazi, kujaribu mambo ya hatari. Kwa macho yake dhoruba hiyo iko ndani ya mwili wa kijana mwenyewe. Tena aliandika kwamba watu wa Afrika na wa makoloni mengine ni kama "mataifa yaliyo bado katika ujana", yaani hata mzee wetu mwenye mvi alihesabiwa kama kijana asiyekomaa. Basi mtu mweusi aliye kijana kweli alibeba mizigo miwili.

Miaka 24 baadaye, 1928, Margaret Mead alitoa kitabu juu ya wasichana wa visiwa vya Samoa. Alisema kule hakuona dhoruba kubwa hivyo, kwa hiyo shida si umri peke yake, bali pia namna jamii inavyomlea kijana. Wasomi wengine walimpinga, hasa Derek Freeman mwaka 1983, na ubishi haukuisha. Lakini swali lake lilibaki: je, tatizo liko kwa kijana, au liko kwa mazingira yake?

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi utafiti mwingi ulifuata njia ya Hall. Kijana alipimwa kwa mabaya: wangapi wameacha shule, wangapi wamepata mimba, wangapi wamefungwa, wangapi wanatumia dawa. Kijana mzuri akawa ni yule ambaye hajafanya kitu kibaya bado. Ni kama kusema shamba zuri ni lile lisilo na magugu, hata kama hakuna mahindi ndani.

Mabadiliko yalianza kisiwani tena. Mwaka 1955, kwenye kisiwa cha Kauai huko Hawaii, watafiti walianza kufuatilia watoto wote waliozaliwa mwaka huo, 698. Baadaye kazi hiyo iliongozwa na Emmy Werner, pamoja na Ruth Smith. Werner mwenyewe alizaliwa Ujerumani mwaka 1929, akawa mtoto wakati wa vita kuu ya pili, kisha akahamia Marekani. Waliwafuatilia watoto hao mpaka wakawa watu wazima wa miaka 40.

Karibu theluthi moja walikulia katika hali ngumu: umaskini, wazazi wagonjwa au walevi, ugomvi nyumbani. Wengi wao walipata matatizo kweli. Lakini mmoja kati ya watatu wa hao waliokulia kwenye shida alikua vizuri: anafanya kazi, anapenda, anajiamini. Werner akauliza, hawa walikuwa na nini? Wengi walikuwa na mtu mzima hata mmoja aliyewajali kwa muda mrefu, awe bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Na wengi walipewa wajibu, kwa mfano kuwatunza wadogo zao, wakajua kwamba wanahitajika. Hapo neno ustahimilivu likaanza kupata uzito.

Mwaka 1990, taasisi ya Search iliyoko Minneapolis, chini ya Peter Benson, ilianza kuandika orodha ya mambo mazuri ambayo kijana anahitaji ili akue. Baadaye orodha ikafika mambo 40: familia inayomsikiliza, shule inayomjali, nafasi ya kutumikia wengine, na kadhalika. Kisha mwaka 2002 Richard Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts walianza utafiti mkubwa pamoja na vikundi vya 4-H, ambavyo kwa asili ni vikundi vya vijana wa vijijini Marekani wanaojifunza kulima na kufuga. Walifuatilia maelfu ya vijana kwa miaka kadhaa.

Walipima mambo matano: uwezo, kujiamini, kuungana na watu, maadili na huruma. Wakasema kijana mwenye hayo matano anazaa la sita, yaani kuchangia kwa familia na jamii yake. Walisema pia kwamba mradi mzuri wa vijana una nguzo tatu: mtu mzima anayekaa na vijana kwa muda mrefu, ujuzi unaofundishwa, na nafasi ya vijana kuongoza wenyewe. Njia hii ndiyo wanaiita maendeleo chanya ya vijana.

Sasa mtatuuliza, hao ni vijana wa Marekani, wana shule na umeme, sisi wa vitani tunaingia wapi? Swali zuri. Twende karibu na hapa tulipo.

Mwaka 2005, kaskazini mwa Uganda, watu wengi walikuwa wamekusanywa kambini kwa sababu ya vita vya LRA. Katika kambi mbili karibu na Gulu, Awer na Unyama, watafiti wa vyuo vya Marekani na mashirika walifanya kazi na vijana 314 wa miaka 14 hadi 17. Jambo la kwanza, hawakuleta majina ya magonjwa kutoka vitabuni. Waliwauliza wenyeji, wakapewa maneno ya Kiacholi: two tam, par, kumu. Hayo ni mawazo mengi, wasiwasi na huzuni kwa namna watu wa pale wanavyovijua. Kisha waligawa vijana mafungu matatu. Fungu moja lilikutana kuzungumza juu ya huzuni na mahusiano yao, jingine lilipewa michezo na sanaa, la tatu lilisubiri zamu yake. Matokeo yalichapishwa 2007: mazungumzo ya kikundi yalipunguza huzuni, hasa kwa wasichana. Michezo na sanaa peke yake haikupunguza huzuni hiyo. Tunapenda mpira, lakini tuambiane ukweli: mpira peke yake hauponyi kila kitu.

Wakati huohuo, Jeannie Annan na Christopher Blattman walihoji vijana wa kiume zaidi ya 700 kaskazini mwa Uganda, wengi wao waliwahi kutekwa na waasi. Watu walitegemea kukuta kizazi kilichoharibika. Walichokuta ni kwamba wengi walikuwa wanasimama, na hasara kubwa zaidi ilikuwa masomo yaliyopotea na kipato kidogo. Tena waliotekwa walipiga kura na kushika uongozi wa jamii zaidi kuliko wenzao ambao hawakutekwa. Huko Sierra Leone nako, Theresa Betancourt alianza mwaka 2002 kufuatilia watoto waliokuwa wamepitia mikononi mwa wapiganaji. Waliopokelewa vizuri na familia na majirani, na waliorudi shuleni, walikuwa na hali nzuri zaidi. Waliotukanwa na kutengwa walizidi kuumia. Yaani vita iliwaumiza, lakini maisha ya baada ya vita nayo yaliamua mengi.

Hapa ndipo tunataka tusikilizwe vizuri. Neno ustahimilivu ni zuri, ila linaweza kutumika vibaya. Mtu anaweza kusema: hawa vijana ni hodari, wanajua kujitegemea, basi tupunguze. Tumeona chakula kikipunguzwa na miradi ikifungwa, huku kwenye mikutano tunasifiwa kwa nguvu zetu. Utafiti wenyewe hausemi hivyo. Kauai haikusema mtoto ana nguvu za ajabu peke yake, ilisema alikuwa na bibi au mwalimu. Kaskazini mwa Uganda haikusema vijana hawahitaji kitu, ilisema wamekosa shule na kazi. Kila mahali nguvu ya kijana ilikuwa na kitu cha kushikilia. Ukiondoa hicho kitu ukabaki kumsifu, unamsifu huku anazama.

Na nguzo ya kwanza, ile ya mtu mzima anayekaa muda mrefu, ndiyo inayotuuma zaidi. Mradi wa miezi sita unamleta dada mmoja mzuri, vijana wanamzoea, wanaanza kusema yaliyo moyoni. Mkataba unaisha, anaondoka. Anakuja mwingine, tunaanza tena na majina. Kwa hiyo kama pesa ni kidogo, tunaomba ziwekwe kwanza kwa watu wanaobaki: walimu wakimbizi, wazee wa mtaa, mama wa jirani ambao hawana safari ya kurudi mjini Ijumaa.

Nyinyi vijana wenzetu, mkija kuulizwa tena, mna haki ya kuuliza na nyinyi. Utafiti huu ni wa nini? Majibu yatarudi kwetu kwa lugha gani, na lini? Je, mtatupima kwa shida tu, au pia kwa tunachokiweza? Kijana wa hapa anaweza kuwa mmoja wa wanaouliza, na akalipwa? Na kama swali linafungua kidonda, nani atakaa na huyo kijana jioni, tableti ikishazimwa?

Mkijibiwa vizuri, jibuni na nyinyi kwa ukweli wote. Msipojibiwa, semeni hapana kwa heshima. Hiyo nayo ni haki yenu, na hakuna jina linalopaswa kuondolewa kwenye orodha ya chakula kwa sababu mtu amekataa kuhojiwa kwa utafiti. Mtu akiwatisha hivyo, pelekeni habari kwenye ofisi ya malalamiko, nendeni wawili wawili.