Fundi wa Jiko la Bati Asisahauliwe

Katika kisiwa kidogo kama Shungimbili, karibu na Mafia, mtu huiona upesi thamani ya jiko la bati. Juu ya mchanga, na upepo wa bahari unavuma, moto wa mafiga ni taabu. Jiko la mkaa hubebwa mkononi, likapakiwa chomboni, na likitua ufukweni samaki huiva.

Jiko hilo lina historia. Wanaotajwa kulileta Afrika ya Mashariki ni mafundi wa Kihindi wa enzi za reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mafundi wetu walijifunza, wakalifanya lao. Pipa kuukuu, nyundo, tindo na mkasi wa bati: mtaji ndio huo, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi.

Kasoro yake ni kwamba joto jingi hupotelea ubavuni. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati, uliofanyika Nairobi mwaka 1981, wataalamu wa Kenya waliiga jiko la ndoo la Thailand, wakatia udongo wa kuchoma ndani ya bati. Majiko ya kwanza yalikuwa na ila: udongo ulipasuka, na sufuria ndogo hazikukaa vyema. Akina mama walisema, mafundi wakarekebisha, likapatikana jiko la kiuno chembamba. Hakuna aliyelihodhi, kila fundi aliruhusiwa kuiga. Likavuka mpaka hadi kwetu, likiokoa theluthi ya mkaa au zaidi.

Mwezi Mei 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ili asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo ni jema. Moshi huua, na misitu inateketea. Lakini jiko la gesi halitokani na pipa kuukuu. Je, fundi wa Gerezani, aliyesomesha watoto kwa nyundo yake, atakwenda wapi?

Historia inatujibu. Jiko bora lilifaulu kwa sababu fundi na mpishi walishirikishwa. Basi fundi huyo afundishwe kuunda na kukarabati majiko mapya, badala ya kuachwa atazame shehena zikishushwa bandarini.

Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Mtaalamu ni figa moja. Mpishi ni la pili. La tatu ni fundi.