Mambo ya kutarajia katika usaili wa uigizaji vyuoni

KILA mwaka, mashindano ya Tamasha za Kitaifa za Drama yanapokamilika, vijana wengi waliong'aa jukwaani katika shule za Kisii na Nyamira hubaki na swali moja: je, kipaji hiki kinaweza kuwa taaluma? Tamasha hizo, zilizoanza mwaka wa 1959, zimewalea waigizaji wengi nchini. Hata hivyo, kuibuka mshindi katika tamasha ni jambo moja, na kuteuliwa kujiunga na chuo cha uigizaji ni jambo jingine.

Makala haya yanaeleza usaili wa uigizaji, ambao wengi huuita odisheni, jinsi unavyoendeshwa na namna mwanafunzi wa Daraja Mbili na viunga vyake anavyoweza kujiandaa bila kupoteza pesa wala heshima yake.

Si kila chuo hufanya usaili

Ni muhimu kufahamu kwanza kwamba hapa Kenya, wanaojiunga na vyuo vikuu kwa ufadhili wa serikali hupangiwa kozi na Huduma ya Kuwapangia Wanafunzi Vyuo (KUCCPS), iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kigezo kikuu ni matokeo ya KCSE. Alama ya wastani ya C+ ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada. Kwa hivyo, anayetaka kusomea sanaa za maonyesho na filamu katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, hana budi kutilia maanani masomo yake ya darasani kama anavyotilia maanani mazoezi ya jukwaani.

Usaili wa vitendo hukutana zaidi na mwombaji anayelenga vyuo vya ng'ambo, vikundi vya maigizo na baadhi ya taasisi za mafunzo ya filamu. Nchini Tanzania, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka wa 1981, hufunza uigizaji, ngoma na muziki. Uganda nayo ina idara ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji aulize chuo chenyewe masharti ya mwaka huo, kwani hubadilika.

Monolojia ndiyo msingi

Vyuo vingi humtaka mwombaji akariri monolojia mbili, yaani hotuba ambazo mhusika mmoja huzungumza kwa muda bila kukatizwa. Kila moja huchukua dakika moja hadi mbili. Nchini Uingereza, vyuo kama vile Royal Academy of Dramatic Art cha London, kilichoasisiwa mwaka wa 1904, vina desturi ya kuitisha hotuba ya Shakespeare au mwandishi wa enzi yake, na nyingine kutoka tamthilia ya kisasa. Vyuo vya Marekani navyo hupenda hotuba mbili zinazotofautiana: moja ya huzuni au uzito, nyingine ya ucheshi.

Mwombaji achague mhusika anayekaribiana naye kwa umri. Msichana wa miaka 18 anayejitia kuwa ajuza wa miaka 80 hulinyima jopo nafasi ya kumwona yeye mwenyewe. Tamthilia zilizotahiniwa shuleni ni hazina nzuri ya kuanzia. Jusper katika "Betrayal in the City" ya Francis Imbuga ni kijana wa chuo kikuu. "Kigogo" ya Pauline Kea na "Bembea ya Maisha" ya Timothy Arege zina wahusika ambao mwanafunzi wa Kenya anaelewa dhiki zao bila kuelezwa. Ni sharti kuisoma tamthilia yote, si ukurasa wa hotuba pekee, kwa sababu jopo huenda likauliza mhusika anamwambia nani maneno hayo, na kwa nini anayasema sasa.

Anayetatizwa na Kiingereza cha Shakespeare anaweza kuanza na tafsiri za Julius Nyerere: "Juliasi Kaizari" na "Mabepari wa Venisi" ya 1969. Hata kama hotuba itatolewa kwa Kiingereza, mwigizaji aliyeielewa kwa Kiswahili hawi kasuku.

Ndani ya chumba cha usaili

Wengi waliozoea tamasha hushtushwa na ukimya. Katika tamasha kuna umati, makofi, kikundi cha wenzako na mwamuzi anayetoa maoni hadharani. Katika usaili, mwombaji huingia peke yake mbele ya watu wawili au watatu, mara nyingi katika chumba kitupu chenye kiti kimoja. Hutaja jina lake, jina la tamthilia na la mhusika, kisha huanza.

Asitarajie makofi. Wanajopo wengine huandika huku akiigiza, na wengine humkatiza kabla ya kumaliza. Kukatizwa si ishara ya kushindwa. Huenda wameshaona walichotaka. Aidha, mmoja wao anaweza kumwambia arudie hotuba ile ile kwa njia nyingine: amnong'onezee mdogo wake aliyelala, au aitoe huku akificha hasira. Hapa hawapimi hotuba tena. Wanapima iwapo mwombaji anafundishika. Anayerudia vilevile alivyokariri, hata kama alifanya vyema mara ya kwanza, hujipunguzia nafasi.

Kosa linalowaandama wanafunzi wa tamasha ni ukubwa wa ishara. Mikono iliyopangwa kwa ajili ya shairi la kwaya na sauti iliyokusudiwa kufika nyuma ya ukumbi huonekana za kutiwa chumvi katika chumba kidogo. Si lazima kuacha nguvu hizo, bali kuzipima.

Majaribio mengine ya kawaida ni kusoma matini usiyoyajua, kuimba wimbo mfupi bila ala, mazoezi ya mwili ya pamoja na uigizaji wa papo kwa papo. Wanaopita hatua ya kwanza huitwa tena, pengine kwa siku nzima ya mazoezi. Mwisho huwa mahojiano: kwa nini unataka kuigiza? Ni mchezo gani uliotazama karibuni? Jibu la kweli na fupi hushinda hotuba ya kusifu chuo.

Soko la Daraja Mbili kama darasa

Si lazima kijana asafiri hadi Nairobi ili kujifunza. Katika soko la Daraja Mbili, mchuuzi wa mitumba hunadi bidhaa tangu asubuhi bila sauti kukauka, kwa sababu amejifunza kuitoa tumboni badala ya kuikamua kooni. Muuza ndizi anayetazama mawingu ya alasiri anataka kumaliza mzigo kabla ya mvua. Mnunuzi anayejua hivyo anasubiri bei ishuke. Kila mmoja ana nia, kila mmoja anaificha, na muda unayoyoma. Huo ndio uigizaji. Mwanafunzi atakayekaa hapo akitazama jinsi watu wanavyosimama, wanavyonyamaza na wanavyobadilisha sauti, atakuwa na jambo la kupeleka mbele ya jopo.

Masimulizi ya jadi ya Abagusii, emegano, na ala ya obokano nazo zisidharauliwe. Mwombaji akiombwa asimulie hadithi au aimbe, kilichomlea nyumbani humpa uhalisi ambao mwenzake aliyeiga filamu hana.

Kuhusu lafudhi, Ekegusii hakina sauti ya "l", na baadhi ya wasemaji wake huibadilisha kwa "r". Mazoezi ya kutamka yanafaa ili maneno yaeleweke. Hata hivyo, kuvaa lafudhi ya Kimarekani ya kubahatisha ni hatari zaidi kuliko kuzungumza wazi kwa lafudhi ya nyumbani.

Gharama na tahadhari

Kutoka Kisii hadi Nairobi ni takribani kilomita 300. Ni busara kusafiri siku moja kabla na kulala kwa jamaa, kwani mwili uliochoka na sauti iliyokauka kwa vumbi la safari hazifichiki. Mwombaji avae nguo nyepesi zisizombana na viatu visivyoteleza, na abebe maji, kitambulisho na nakala za vyeti. Vyuo vingi vya ng'ambo sasa hukubali video ya kujirekodi katika hatua ya kwanza. Simu ya kawaida inatosha, mradi chumba kiwe kimya, mwanga utoke mbele ya uso na sauti isikike.

Matapeli nao hawajalala. Kabla ya kutuma pesa, mzazi ahakikishe kuwa chuo kimesajiliwa: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu husimamia vyuo vikuu, nayo TVETA husimamia vyuo vya kiufundi. Usaili halali hufanywa mahali pa wazi na kwa saa zinazojulikana, si katika chumba cha hoteli usiku. Hakuna chuo halali kinachomtaka mwombaji avue nguo au atoe mwili wake ili apate nafasi. Anayetakiwa kufanya hivyo aondoke mara moja na kupiga ripoti kwa polisi; Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamlinda, awe msichana au mvulana.

Baada ya usaili

Majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Wengi hukataliwa, kwa maana nafasi ni chache na jopo hutafuta kundi linalokamilishana, si watu wanaofanana. Anayekosa mwaka huu anaweza kurudi mwaka ujao na hotuba tofauti.

Lupita Nyong'o, aliyewahi kuigiza Juliet na kikundi cha Phoenix Players jijini Nairobi akiwa msichana mdogo, alihitimu katika chuo cha drama cha Yale, Marekani, mwaka wa 2012, na kutwaa tuzo ya Oscar Machi 2014. Tangu mwaka wa 2021 chuo hicho, ambacho huteua waigizaji wake kupitia usaili, hakitozi wanafunzi wa shahada karo. Kwa familia inayotegemea soko au shamba la chai, hiyo ni habari ya maana: katika baadhi ya vyuo, dakika chache zilizoandaliwa vyema zinaweza kufungua mlango ambao pesa zisingeufungua.