Benny Goodman, mpiga klarineti

Wengi wenu mmekwisha kusikia jazi katika redio. Leo tunawapa habari za Benny Goodman, mtu ambaye Marekani nzima ilimwita mfalme wa swingi, ndiyo jazi ya bendi kubwa, ya kuchezea dansi.

Alizaliwa Chicago tarehe 30 Mei 1909, mtoto wa tisa katika watoto 12. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini waliotoka katika dola ya Urusi. Baba yake, David, alifanya kazi ya ushonaji, tena kazi nzito yenye uvundo penye machinjo. Aliposikia kwamba sinagogi moja linafundisha watoto muziki, aliwapeleka wana watatu. Mwenye mwili mkubwa alipewa tuba, mwingine tarumbeta, na Benny, mdogo wao, akapewa klarineti. Alipokuwa na miaka 14 alikuwa tayari analipwa kwa kupiga.

Baadaye Benny alimwomba baba yake apumzike, aache kuuza magazeti njiani. Mzee alikataa; alitaka kujitunza mwenyewe. Desemba 1926 akagongwa na motokari, akafa. Hakuona sifa za mwanawe.

Sifa zenyewe zilikuja Los Angeles, tarehe 21 Agosti 1935. Safarini bendi ilikuwa imedharauliwa. Huko Denver watu hawakuitaka kabisa. Lakini katika jumba la Palomar vijana walishangilia sana. Kwa nini? Redio ilikuwa imepeleka muziki wao kutoka New York usiku wa manane, vijana wengi wamekwisha lala. Kumbe California saa ziko nyuma kwa saa tatu, na vijana wa huko walikuwa macho wakisikiliza!

Siku zile, mbele ya watu, Wazungu walipiga muziki peke yao na Weusi peke yao. Hata nyimbo nyingi za Goodman zilikuwa zimepangwa na mtu mweusi, Fletcher Henderson, lakini wachezaji dansi hawakumwona. Mwaka wa 1936, Chicago, Goodman alimpandisha Teddy Wilson, mpiga piano mweusi, apige pamoja naye na Gene Krupa, mpiga ngoma. Mwaka uleule akamwongeza Lionel Hampton. Tuseme kweli: kwanza hao walipiga katika kikundi kidogo tu, na katika bendi kubwa kiti cha piano kilikuwa cha Mzungu. Mlango ulifunguliwa nusu. Hata hivyo, wenye majumba wengi hawakuthubutu hata hiyo nusu. Tarehe 16 Januari 1938, katika Carnegie Hall, jumba la heshima la New York, Count Basie na wenzake weusi walipiga pamoja na Goodman.

Kwa bendi yake alikuwa mkali. Waliokosea walitazamwa kwa jicho ambalo hawakulisahau. Mwenyewe hakujihurumia. Alipofika miaka 40 hivi, tajiri tena mashuhuri, alikwenda kwa mwalimu Mwingereza, Reginald Kell, akajifunza upya namna ya kushika klarineti kwa midomo na kuweka vidole. Aliendelea kufanya mazoezi mpaka uzee. Alifariki New York tarehe 13 Juni 1986.