Kaskazini Kiunoni

Mwaka 1969 jarida la Nature lilichapisha habari za kiti cha ajabu. Kilikuwa kiti cha zamani cha daktari wa meno huko San Francisco, na kwenye egemeo lake Paul Bach-y-Rita na wenzake walikuwa wamepachika vijiti vidogo 400 vinavyotetema, safu 20 kwa 20. Asiyeona aliegemea, akaigeuzageuza kamera ya televisheni kwa mikono yake, na picha ikachorwa mgongoni mwake kwa mitetemo. Kwa mazoezi, watu waliozaliwa bila kuona waliweza kutambua simu na kikombe. Siku moja lenzi ilivutwa ghafla, picha ikakua, na aliyekaa kitini akainua mikono na kujirusha nyuma. Mtetemo ulimpiga mgongoni, lakini alichokuwa akikikwepa kilikuwa mbele yake!

Kasoro ni kwamba kiti hakitembei. Isitoshe, kuipa ngozi picha nzima ni kuitwisha mzigo, na mtu aliye njiani hahitaji picha nzima. Anahitaji kujua aelekee wapi. Naona historia yote iliyofuata ni ya wahandisi waliojifunza kuiambia ngozi machache.

Miaka ya 1990, Angus Rupert wa jeshi la wanamaji la Marekani aliwavisha marubani fulana inayowagusa upande iliko ardhi, maana mawinguni rubani huweza kupinduka asijue. Mwaka 2004 Wajapani Koji Tsukada na Michiaki Yasumura wakaeleza mkanda wa mota nane unaotumia GPS na dira kumwelekeza mtembea kwa miguu.

Lakini jaribio linalonivutia zaidi ni la Osnabrück, Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2005. Mkanda wa kundi la Peter König ulikuwa na mota 13 za aina ile inayotetemesha simu, na ulisema jambo moja tu: kaskazini ni huku. Ukigeuka, mtetemo unahama kiunoni. Watu wanne wenye macho mazima waliuvaa kwa wiki sita. Wawili kati yao walieleza kwamba mtetemo uliacha kuwa mtetemo. Wakawa wanaihisi tu miji na njia zilivyokaa. Majibu ya watu wanne si ushahidi mzito, ila utafiti huo baadaye ulizaa kampuni inayowauzia wasioona mikanda ya namna hiyo.

Baadaye vikaja viatu vya Lechal kutoka India, saa ya Apple ya mwaka 2015 inayogonga kifundo cha mkono kwa mapigo tofauti ya kulia na kushoto, na kifaa cha Ashirase cha Japani kinachotetema ndani ya kiatu. Faida ya vifaa hivi kwa asiyeona ni kwamba masikio hubaki huru. Kwa masikio hayo hupima kasi ya gari linalokuja na kujua ukuta ulipoishia. Sauti ya simu ikiyajaza, amezibwa mara ya pili.

Hata hivyo, mkanda unajua duka liko upande gani, haujui kama mtaro umeachwa wazi. Hilo bado ni la fimbo nyeupe, na hata wanaouza mikanda hawawaambii wateja waiache fimbo nyumbani.