Mbegu za kitani: Je, zinalifaa tumbo linalosumbuka upesi?

Mbegu za kitani husifiwa kuwa tiba ya kukosa choo. Kwa wasikilizaji wetu wa Nyamitanga mjini Mbarara na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, swali ni hili: je, mtu ambaye tumbo lake hujaa gesi au huuma baada ya kula anaweza kuzitumia bila kudhurika? Kwa walio wengi jibu ni ndiyo, mradi zisagwe, waanze na kiasi kidogo na wawe na maji ya kutosha.

Ni mbegu gani?

Kitani ni mmea uleule unaotoa nyuzi za kufumia nguo. Nchini Ethiopia mbegu zake huitwa telba. Hukaangwa, husagwa na kuchanganywa na maji ziwe kinywaji. Gramu 100 za mbegu hizi zina takriban gramu 27 za nyuzinyuzi, pamoja na mafuta ya omega-3. Sehemu ya nyuzinyuzi hizo huvuta maji na kuwa ute, mfano wa ute wa bamia, unaolainisha choo. Sehemu nyingine haiyeyuki, bali huongeza wingi wa choo na kuuamsha utumbo.

Zitumiwe vipi?

Mbegu nzima mara nyingi hupita tumboni na kutoka kama zilivyoingia. Hivyo ni bora kuzisaga au kuzitwanga. Unga wake huharibika upesi, basi saga kidogo kidogo na uuhifadhi katika chombo kilichofungwa vizuri, mahali penye baridi.

Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku, ndani ya uji au maharagwe. Tumbo likitulia kwa muda wa wiki moja au mbili, ongeza polepole hadi kijiko kimoja cha chakula. Kiasi hicho ndicho kikomo kilichotajwa katika mwongozo wa taasisi ya afya ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2008, kwa wagonjwa wa utumbo wenye gesi na tumbo kujaa. Kuzidisha kwa pupa huleta gesi, msokoto na kuharisha. Aidha, kama mihogo michungu, mbegu mbichi zina kemikali inayoweza kutoa sianidi. Sababu nyingine ya kutokula nyingi.

Maji ni sharti

Zikimezwa bila maji, mbegu hizi huvimba, choo huzidi kuwa kigumu, na kwa nadra utumbo huziba. Kila kijiko kifuatwe na walau glasi moja ya maji safi. Kwa familia inayoteka maji kwa madumu na kuyagawa kwa kupika, kuoga na kunywa, sharti hili si dogo. Siku ambayo maji ni haba, ni heri kuziacha.

Nani ajihadhari?

Asizitumie mwenye utumbo uliowahi kuziba au kuwa mwembamba, mwenye shida ya kumeza, wala anayeharisha. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda, amwulize kwanza mhudumu wa afya. Dawa yoyote ya kumeza itenganishwe na mbegu hizi kwa saa mbili hivi.

Asiye na fedha za kuzinunua hajapoteza kitu. Maharagwe, lengalenga, viazi vitamu na papai pia vina nyuzinyuzi.

La muhimu zaidi, mbegu hizi zisitumike kuahirisha matibabu. Damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, kutapika mara kwa mara, au tumbo kuvimba bila kupata choo wala kutoa hewa, ni dalili za kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.