Kutoka Mashine ya Sarafu hadi Kibandani: Double Dragon II na Historia ya Gemu Jijini Mwanza

Historia ya michezo ya video huandikwa kana kwamba kila mji ulipitia hatua zilezile: kwanza ukumbi wenye mashine za sarafu, kisha konsoli ya nyumbani. Mpangilio huo haukubaliki kwa Mwanza. Hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu mwaka 1973. Gemu la televisheni lisingeweza kuenea Kirumba au Nyamanoro kabla ya televisheni yenyewe. Kilichotangulia ni sinema. Filamu za Bruce Lee zilikuwa na mashabiki nchini tangu miaka ya 1970, na ndizo hizo zilizomwathiri Yoshihisa Kishimoto wa kampuni ya Technōs Japan alipobuni Double Dragon mwaka 1987.

Mwendelezo wake, Double Dragon II: The Revenge, ulitoka mwaka 1988 kwa mashine za sarafu. Ulikuwa na hatua nne tu, na ugumu wake ulikuwa na sababu ya kibiashara: mchezaji akishindwa upesi, hutia sarafu nyingine. Toleo la Famicom la mwaka 1989 halikuwa nakala. Aliyelipia kaseti mara moja alistahili mchezo mrefu, hivyo hatua zikafika tisa. Mashine ya ukumbini ilikuwa na vitufe vitatu, yaani cha kushambulia kushoto, cha kulia na cha kuruka. Kidhibiti cha nyumbani kilikuwa na viwili, ndipo kuruka kukahitaji kubonyeza vyote kwa pamoja. La muhimu zaidi, ndugu Billy na Jimmy waliweza kupigana bega kwa bega, jambo lililokosekana katika masimulizi ya toleo la Famicom la mchezo wa kwanza.

Vibanda vya gemu vya mijini Tanzania viligeuza hesabu hiyo. Konsoli, iliyobuniwa ili kumwondolea mchezaji malipo ya kila mara, iliwekwa hadharani na kulipiwa kwa mchezo au kwa dakika. Katika mazingira hayo, hatua tisa zilizokuwa faida kwa mnunuzi wa kaseti huwa gharama kwa mlipa dakika, ilhali vidhibiti viwili humpa mwenye kibanda wateja wawili kwa televisheni moja. Magemu ya mpira wa miguu ya PlayStation, yaliyotawala vibanda baadaye, yana muda maalumu wa mechi.